A Monster Calls: riwaya ya kijana anayeuguza mzazi

Riwaya nyingi za vijana kuhusu ugonjwa usiopona humweka mgonjwa mwenyewe katikati: kijana ana saratani, anapenda, anakufa, msomaji analia. A Monster Calls ya Patrick Ness inamweka katikati anayeuguza. Conor O'Malley ana miaka 13, anaishi Uingereza yeye na mama yake tu, na mama anaumwa ugonjwa ambao dawa zake zinabadilishwa moja baada ya nyingine bila kuleta nafuu. Kwa nyumba yenye mgonjwa na kijana anayemwangalia, hatujaona riwaya inayofaa zaidi. Lakini si kitabu cha kumwachia mtoto mezani ukaenda zako. Kina sehemu mbili tatu ambazo bila mtu mzima zinaweza kumwumiza. Makala hii inataja mwisho wa hadithi, kwa sababu anayempa mtoto kitabu hiki anapaswa kuujua mapema.

Wazo la kitabu lilikuwa la Siobhan Dowd, mwandishi wa vijana aliyefariki kwa saratani ya matiti mwaka 2007 akiwa na miaka 47. Aliacha wahusika, kiini cha hadithi na mwanzo wake. Ness, ambaye hakuwahi kukutana naye, akapewa kazi ya kuiandika, na akaiandika kwa namna yake badala ya kuigiza sauti ya marehemu. Kampuni ya Walker Books iliitoa mwaka 2011 ikiwa na michoro ya Jim Kay. Mwaka uliofuata kitabu kilitwaa tuzo ya Carnegie kwa uandishi na ya Kate Greenaway kwa michoro, na hakuna kitabu kilichowahi kupata zote mbili kabla yake.

Hadithi inaanza saa sita na dakika saba usiku. Mti mkubwa wa yew ulioko makaburini nyuma ya nyumba unasimama, unageuka zimwi na kumwita Conor dirishani. Msomaji aliyekua akisikia habari za mbuyu wenye mizimu hatahitaji kuelezwa lolote hapa. Conor haogopi, kwa kuwa kuna jinamizi linalomtesa kila usiku na kwake hilo ndilo baya zaidi. Zimwi linampa masharti: litamsimulia hadithi tatu, kisha yeye asimulie ya nne, ambayo lazima iwe ukweli wake. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na hili linamjua mtoto huyu kuliko mwalimu wake, baba yake na bibi yake.

Mapema kabisa kuna sura fupi ya asubuhi inayoonyesha kwamba mwandishi anazijua nyumba za wagonjwa. Conor anaamka mwenyewe, anajitayarishia kifungua kinywa, anashughulikia nguo, anatoa takataka, yote kabla mama hajashuka. Mama anapomkuta amemaliza, anamsifu kuwa ni mtoto mwema, kisha anasema anatamani asingelazimika kuwa mwema kiasi hicho. Mtoto anayechota maji, kupika uji na kubadilisha shuka za mgonjwa kabla ya kwenda shule atajiona hapo hapo. Ukisoma na kijana wa namna hiyo, usiharakishe ukurasa huo.

Hadithi ya kwanza ya zimwi, ya malkia anayedhaniwa mchawi na mwana wa mfalme anayependwa na watu, inafundisha kanuni ya kitabu: aliyeonekana mbaya siye muuaji, na mwema ndiye mwenye damu mikononi. Haina ugumu mkubwa. Kijana akichukia jinsi inavyoisha, vizuri, maana hata Conor anachukia.

Ya pili ndiyo yenye hatari. Mchungaji wa kijiji anamkataza mganga wa mitishamba kuukata mti wa yew, na anawageuza waumini wake dhidi ya mganga huyo. Binti wawili wa mchungaji wanaugua, baba anakimbilia kwa mganga yule yule, anaahidi kumpa mti na waumini, mganga anakataa, watoto wanakufa. Zimwi linabomoa nyumba ya mchungaji, si ya mganga, kwa hoja kwamba mtu yule aliitupa imani yake mara tu ilipomgharimu, na kwamba imani ni sehemu kubwa ya uponyaji. Soma hilo mbele ya mtoto ambaye mama yake anaombewa kila Ijumaa au kila Jumapili, na unaweza kuona anachokisikia: kwamba mama asipopona ni kwa sababu yeye hakuamini vya kutosha. Kitabu chenyewe kinalisahihisha jambo hilo, lakini mbali sana, pale zimwi linapomwambia Conor kwamba halikuja kumponya mama bali kumponya yeye. Kurasa nyingi ziko katikati. Mtu mzima asisubiri. Papo hapo baada ya hadithi ya pili aseme wazi kwamba ugonjwa wa mama haupimi imani ya mtoto, na dua ya mtoto haikupungua kitu.

Mara tu baada ya hapo kinafuata kisa kilichoandikwa kwa ustadi kuliko vyote. Conor anadhani analisaidia zimwi kubomoa nyumba ya mchungaji. Anapozinduka yuko sebuleni kwa bibi yake, chumba ambacho hakuruhusiwa kugusa kitu, na kila kitu kimevunjwa kwa mikono yake, pamoja na saa ya thamani. Bibi anaingia na kuona. Haongei. Anatoa sauti ya maumivu, kisha anaiendea kabati moja iliyobaki imesimama na kuiangusha mwenyewe. Mama wa Conor ni binti yake, na katika kitabu chote hakuna sentensi inayoeleza huzuni ya bibi huyu kuliko kabati ile inayoanguka.

Kesho yake Conor hapewi adhabu. Baadaye, katika hadithi ya tatu, anampiga vibaya mwanafunzi mwenzake bwaloni, na shule nayo inaona hakuna faida ya kumwadhibu. Walimu wasome sehemu hii kwa makini. Conor anaitafuta adhabu, karibu anaiomba, kwa sababu ndani yake anaamini ana kosa kubwa, na kila anayemhurumia anamthibitishia kwamba yeye si mtoto wa kawaida tena. Mwanafunzi anayeuguza mzazi anahitaji kusamehewa kuchelewa na kuongezewa muda wa kazi za nyumbani, ndiyo. Lakini akivunja kioo, aulizwe kuhusu kioo kama wenzake.

Kosa analodhani analo linatoka katika hadithi ya nne. Ndani ya jinamizi mama ananing'inia kwenye genge, Conor amemshika mikono, na anamwachia. Angeweza kushika muda kidogo zaidi. Zimwi linamlazimisha kusema kwa nini: kwa sababu hakuweza tena kuvumilia kungoja, alitaka yaishe, hata kama kuisha maana yake ni mama kuondoka. Hapo ndipo kitabu kinapotimiza kazi yake. Wanaouguza kwa miezi mingi wanalijua wazo hilo, watu wazima hulificha kwenye sala, watoto hulificha kwenye ukorofi. Jibu la zimwi ni kwamba moyo unaweza kutaka mambo mawili yanayopingana kwa wakati mmoja, na kwamba mtu anapimwa kwa anachotenda, si kwa wazo lililompitia kichwani. Ness halipambi. Analisema na kumrudisha mtoto hospitalini, ambako kitabu kinaishia kando ya kitanda, Conor akiwa amemkumbatia mama yake na hatimaye amemwambia kwamba hataki aende.

Kuhusu mti wenyewe, vijana watauliza, basi jibu liwe tayari. Dawa ya mwisho anayopewa mama inatokana na yew, na jambo hilo si la kubuni. Paclitaxel ilipatikana kwanza kwenye magome ya yew ya pwani ya Pasifiki ya Marekani, na docetaxel hutengenezwa kuanzia kemikali iliyomo kwenye majani ya yew ya Ulaya. Zote mbili hutumika kutibu saratani ya matiti na nyingine kadhaa, na zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ila majani na mbegu za mti huo ni sumu inayosimamisha moyo. Mweleze kijana kwamba dawa hiyo imechujwa, imepimwa na inaingizwa kwa dripu chini ya uangalizi, wala haichemshwi sufuriani. Na kama ilivyo kitabuni, kuna wagonjwa isiowasaidia.

Nunua toleo lenye michoro. Kuna matoleo ya maandishi matupu, ni mepesi, lakini yanapunguza kitabu nusu. Wino mweusi wa Jim Kay unatoka pembezoni, unazunguka aya na kumeza kurasa nzima, na kwa kijana ambaye Kiingereza chake bado kinapanda ngazi, picha zinabeba sehemu ya maana. Kwenye simu michoro inayovuka kurasa mbili hukatika na maandishi kusogea, kwa hiyo kama ni lazima kusoma kidijitali, tumia kishikwambi. Kiingereza chenyewe ni chepesi, sentensi fupi, sura fupi. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayesoma vizuri atakiweza, isipokuwa maneno ya kijijini Uingereza katika hadithi mbili za mwanzo, ambayo msomaji mzima ayaeleze kwa Kiswahili kabla ya kuanza, siyo katikati. Maneno ya zimwi yamechapwa kwa herufi za mlazo, hivyo anayesoma kwa sauti anajua pa kubadilisha sauti.

Kwa sauti kinachukua kama saa nne. Kigawe katika vikao sita vya dakika 40 hivi. Cha kwanza kiishie zimwi linapotoa masharti ya hadithi tatu, cha pili kimalize hadithi ya malkia. Cha tatu kina kanuni moja isiyovunjwa: ukianza hadithi ya mchungaji, usifunge kitabu mpaka bibi aiangushe kabati. Ukisimama kabla ya hapo, mtoto analala akidhani uharibifu ule ulikuwa ndoto tu. Cha nne kiende hadi mapigano ya bwaloni. Cha tano ni kifupi na kizito, mama anapomwambia Conor kwamba dawa imeshindwa, nanyi mnaweza kubaki kimya baada yake. Cha sita kipewe saa nzima, mchana, kamwe si kabla ya kulala, kwa kuwa hadithi ya nne ni jinamizi na itamfuata kitandani.

Kosa linaloharibu vikao hivi mara nyingi ni swali la mtihani: umejifunza nini? Kijana atajibu anachodhani unataka. Muulize juu ya wahusika. Bibi anaogopa nini? Baba aliyehamia Marekani na kuanza familia mpya, kwa nini hataki kumchukua Conor? (Baba huyu, kwa maoni yetu, ndiye mhusika aliyechorwa kwa uvivu kuliko wote. Anakuja, anaahidi, anaondoka.) Na kijana akisema kwamba naye hutamani yaishe, usimwambie asirudie tena maneno hayo. Mwambie wengi wanaouguza hufikiri hivyo na wazo hilo halimwongezei mgonjwa ugonjwa. Kisha nyamaza, amalize. Kama uzito unazidi, zungumza na watoa huduma ya tiba shufaa (ya kupunguza maumivu na mateso ya ugonjwa mzito) wanaomhudumia mgonjwa, maana kazi yao inahusu familia nzima.

Umri unaofaa ni miaka 12 na kuendelea. Mtoto mwenye mzazi aliyeanza tu matibabu na mwenye matumaini mazuri asipewe sasa, kwani kitabu kitamwaminisha kwamba mwisho umeshapangwa. Wala kisipelekwe msibani. Subirini hadi nyumba itulie na mtoto arudi shule.

Filamu yake ya mwaka 2016, iliyoongozwa na J. A. Bayona, imetengenezwa vizuri na sauti ya Liam Neeson inalifaa zimwi, lakini itazameni baada ya kusoma. Imemfanya mama kuwa mchoraji, imemwondoa Lily, rafiki pekee wa Conor shuleni ambaye ugomvi na msamaha wao ni muhimu kwa wasomaji wa rika lao, na mwishoni imeongeza zawadi ya daftari la michoro ambayo haimo kitabuni. Nyongeza hiyo inamfariji mtazamaji mapema mno, wakati kitabu kinamwacha Conor akiwa bado amemshika mama yake.