Pytest: niliikwepa muda mrefu, sasa siachani nayo

Kabla ya pytest, zana ya Python ya kuendesha testi (vijisehemu vya programu vinavyokagua kama programu yako inafanya kazi sawa), nilikuwa mvivu wa testi balaa. Bagi (kosa kwenye programu) ikiripotiwa narekebisha, najaribu kwa mkono mara moja, ikikubali napandisha nalala zangu. Unittest inayokuja na Python ilikuwepo sikatai, ila habari za kutengeneza klasi kwanza ndo ufike kwenye assertEqual (amri ya kulinganisha jibu) zilinichosha. Kwenye pytest unafungua faili la test_kurasa.py, fanksheni nayo inaanza na test_, unaweka assert ya kawaida (mstari unaodai jambo fulani ni kweli, lisipokuwa kweli testi inafeli) basi, ukiiendesha inazitafuta yenyewe.

Iliyonibadilisha ni bagi moja ya kizembe. Fanksheni ya kuhesabu kurasa niliiandika jumla // 10 + 1 (kila ukurasa vitu 10, na // inagawanya inatupa baki), vitu 15 inaleta kurasa 2 safi, vitu 20 inaleta 3 na ya mwisho iko tupu. Nikarekebisha bila testi. Siku nyingine niko nasafisha kodi (za programu jamani, za serikali sizigusi) nikaona ule mstari umekaa kimkorogo nikaurahisisha, kumbe nimeirudisha bagi ileile kwa mkono wangu mwenyewe, aibu gani hii.

Awamu ya pili nikaanza na testi kabla sijagusa kitu: assert kurasa(20) == 2. Ikafeli, na hapa ndo pytest inanimaliza, haisemi imefeli tu, inakuonyesha assert 3 == 2 na chini yake kwamba hiyo 3 imetoka kwenye kurasa(20). Ndo nikarekebisha ikapita. Hiyo hatua ya kuiona nyekundu (yaani imefeli) kwanza usiiruke, maana testi ambayo hujawahi kuiona ikifeli utajuaje kama inapima chochote? Halafu kwa parametrize (testi moja inaendeshwa kwa namba tofauti) nikaongeza 0, 1, 10 na 11 bila kukopi testi, na hiyo 0 ikanibana, kama hakuna kitu kabisa ni kurasa 0 au 1? Sikuwahi kuliwaza hilo. Siku hizi hata fanksheni mpya naianza na maswali ya hivyo.

Kero ninayo moja, fixture (vitu vinavyoandaliwa kwa ajili ya testi) za kwenye conftest.py, faili ambalo pytest inalisoma yenyewe. Zinaingia kwa jina la paramita tu bila import, ukikuta kodi ya mtu mwingine unabaki unajiuliza hiki kitu kimetokea wapi, mpaka uendeshe pytest --fixtures ndo uone zilipo.

Nyota 4 kati ya 5, hiyo moja conftest imeila.