Nilivyopimwa ECG Nairobi: maumivu hakuna, lakini uliza nani atasoma karatasi

Mashine ya ECG, yaani ya kupima umeme wa moyo, haikuingizii umeme hata kidogo. Naanza na hilo kwa sababu kuna watu wazima wanaokikwepa kipimo hiki wakidhani watapigwa shoti. Moyo wenyewe ndio unaotoa umeme kila unapodunda. Nyaya zinaupokea juu ya ngozi, mashine inauchora kwenye karatasi. Basi.

Mimi ni mtu wa presha, na kwa muda moyo umekuwa ukinienda mbio usiku nikiwa nimelala. Daktari wangu akaniandikia ECG, nikaenda kwenye kituo kimoja cha vipimo kule Upper Hill.

Huhitaji kufunga. Kunywa chai yako, meza dawa zako kama kawaida isipokuwa daktari amekuambia vingine, na ubebe majina ya dawa hizo. Jambo la kuangalia ni mafuta. Julai ya Nairobi inapausha ngozi, hakuna anayetoka nyumbani bila kujipaka, ila siku hiyo usipake kifuani, mikononi wala miguuni, kwa maana vibandiko vya kushikia nyaya havitashika. Akina mama, vaeni blauzi na sketi au suruali. Ukienda na gauni utalivua lote.

Aliyenipima alikuwa binti mpole sana. Alivuta pazia, akanipa shuka, na kabla ya kunigusa akasema, "Mama, kimoja kinakaa chini ya titi la kushoto, niruhusu nikiweke." Heshima ya namna hiyo ni nusu ya matibabu. Ukiona umepangiwa mwanamume na huna raha, omba mwanamke, au omba awepo mwanamke mwingine chumbani, si ukaidi. Wanaume wenye nywele nyingi kifuani huenda wakanyolewa kidogo.

Vibandiko 6 vilikaa kifuani, na kimoja kimoja kwenye kila mkono na mguu, jumla 10. Karatasi lakini hutoka na michoro 12, kwa sababu mashine inalinganisha sehemu hizo zenyewe kwa zenyewe, kama mtu anayeikagua nyumba moja kutoka pande zote. Unalala chali, unapumua polepole, husemi, hutikisiki. Mimi nilikuwa natetemeka kwa baridi, na mtetemeko wa misuli nao ukaingia kwenye mchoro. Yule binti aliuona mara moja, akaniongeza blanketi, akasubiri nipate joto, akarudia. Mwingine angenipa ile iliyoharibika niende zangu. Kurekodi kwenyewe ni kama sekunde 10. Kinachochukua muda ni kubandika na kubandua.

Kilichoniudhi kilikuja mapokezini. Nilikabidhiwa karatasi bila maelezo, ikiwa na maneno ya kutisha juu yake yaliyoandikwa na mashine. Hakuna aliyeniambia kwamba mashine hukisia tu, na hukosea, hadi daktari aisome mwenyewe. Niliibeba hadi kituo cha basi cha Kencom nikiwa na wasiwasi mkubwa. Mgonjwa hastahili kutendewa hivyo.

Daktari wangu aliisoma taratibu, akanionyesha mapigo yanavyofuatana kwa mpangilio: kilima kidogo cha vyumba vya juu vya moyo, mchomo mrefu wa vyumba vya chini, kisha kilima cha moyo kujiandaa upya. Yote sawa. Hata hivyo akaniambia sekunde zile 10 za mchana haziwezi kuapia yanayotokea usiku, kwa hiyo amenipangia Holta, kimashine kidogo nitakachovaa kwa saa 24. Nilipenda ukweli huo. ECG nzuri haimaanishi huna tatizo lolote la moyo, na mtu mwenye maumivu ya kubana kifua, jasho jembamba, au maumivu yanayopanda mkononi na kwenye taya asisubiri kupangiwa kipimo: akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo.

Kituo kile nitakirudia kwa ajili ya yule binti. Ila wewe, kabla ya kulipa, uliza kama bei ni ya kuchora tu au na daktari wa kuisoma, kwa kuwa kwingine ni malipo mawili. Na omba nakala yako. Ni karatasi inayochorwa kwa joto, mchoro wake hufifia, hivyo ipige picha siku hiyo hiyo. Daktari atakayekupima miaka ijayo atataka kulinganisha.