Plake ya polisi ya California, dukani karibu na soko la mtaa wa Kenya, Lubumbashi

Nimekusanya plake (vibao vya namba) za magari ya polisi tangu siku niliposimama mpakani Kasumbalesa na kuona gari la polisi wa Zambia lenye herufi ZP. Tanzania ni PT, Uganda UP. Herufi mbili tu, umeshamjua mwenye gari.

Muuza vitu vya okazyo (vilivyokwisha tumika) aliniambia, "Papa, hii ni ya polisi wa Amerika." Niliichunguza pale mlangoni. Herufi E, alama ya gari la serikali lililosamehewa ada, ndani ya umbo la pande 8: gari la mji au kaunti. Ingekuwa ya jimbo, E ingekaa ndani ya umbo la almasi. Lakini E hiyo hupewa hata magari ya zimamoto na ya takataka, kwa hiyo neno "polisi" peke yake halikunitosha. Nilimwambia hivyo, akashusha beyi kutoka dola 25 hadi 15.

Kilichoniuma: alikuwa ameipaka rangi mpya ya buluu juu ya namba. Jamani, msipake! Mikwaruzo ndiyo historia yake. Dukani mle kuna mwanga mdogo, beba tochi. Muuzaji ana heshima, anakuacha uangalie bila haraka. Nitarudi Jumamosi, ameniwekea nyingine mbili.