Uzoefu wangu na Synology DS423+: diski imekufa, kazi haikusimama

Mimi hupiga video za harusi, na pia huhamisha kanda za zamani kuwa faili za kompyuta, katika chumba kimoja Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa. Kanda nyingi ninazoletewa zimeshaota ukungu kwa joto na unyevu wa pwani. Nyingine zikipita kwenye mashine mara moja, hazikubali tena. Basi faili ninayoitoa hapo ndiyo inayobaki peke yake duniani: mawaidha ya marehemu babu wa mtu, au kesha la bibi harusi ambaye leo ana wajukuu. Mali ya watu ya namna hiyo haifai kuachwa juu ya diski moja ya kubebea mkononi, na ndiyo sababu nikanunua kisanduku hiki.

DS423+ ya kampuni ya Synology ni kompyuta ndogo ya kuhifadhi faili, yenye nafasi nne za diski, isiyo na skrini wala kibodi. Unaichomeka kwenye ruta, kisha unaifungua kwa kivinjari cha simu au cha laptopu. Huuzwa bila diski. Mimi nilitia nne za TB 8 kila moja, zote za aina inayotengenezwa kwa kazi ya saa 24, nikazipanga kwa RAID 6, yaani mpango wa kuziunganisha diski ili hata mbili zikifa data ibaki. Kuweka kila kitu tayari kulikuwa rahisi, wala hakuhitaji fundi. Sina la zaidi hapo.

La maana ni lililotokea mwezi wa Shaabani. Wenyeji wa pwani wanajua Shaabani ilivyo: kila mtu anataka kuoza kabla ya Ramadhani kuingia, na mimi nakuwa na harusi juu ya harusi. Usiku, nikiwa nakata video ya kupamba, kisanduku kikaanza kulia na taa yake ikageuka rangi ya machungwa. Nilipofungua ukurasa wake, diski ya tatu ilikuwa imeandikwa kuwa imeharibika. Nikanyamazisha mlio, nikarudi kwenye video yangu, na ile video ikaendelea kucheza kutoka kisanduku kile kile. Mama wa bibi harusi alipewa kazi yake siku tuliyoagana. Diski mpya ilikuja na basi kutoka Nairobi. Nikavuta trei ya diski mbovu bila kuzima kitu, nikatia mpya, nikabofya mahali pa kutengeneza, na mashine ikaanza kuijaza ile diski tupu kwa data iliyokuwa imepotea. Faili zote nilizozipitia baadaye zilikuwa nzima.

Hapa nataka kueleza inavyowezekana, kwa sababu wateja wangu wengi hudhani mashine huweka nakala mbili za kila kitu. Hiyo ni RAID 1, na ipo, lakini hula nusu ya nafasi. Njia ya pili ni ya hesabu. Chukua diski tatu, kila moja ina biti moja, yaani tarakimu ya 0 au 1: 1, 1 na 0. Diski ya nne inaandikwa tarakimu itakayofanya idadi ya moja kwenye mstari mzima igawanyike kwa mbili. Moja ziko mbili tayari, kwa hiyo inaandikwa 0. Sasa diski ya pili ife. Zimebaki 1, 0 na 0. Hapo kuna moja iliyo peke yake, kwa hiyo iliyopotea lazima ilikuwa 1. Tarakimu hiyo ya ziada huitwa pariti, na mashine hufanya hesabu hii kwa mabilioni ya biti. Wakati ule nilipokuwa nikikata video, robo ya kile nilichokiona huenda haikuwepo kwenye diski yoyote. Ilikuwa ikikokotolewa papo hapo.

Wazo lenyewe lina umri. Mwaka 1978 Norman Ken Ouchi wa IBM alipewa hataza Marekani ya mfumo wa kurudisha data iliyokuwa kwenye kifaa kilichoharibika, kwa kutumia habari iliyobaki kwenye vifaa vingine. Jina RAID lilikuja na makala ya mwaka 1988 ya David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Waliona kwamba diski ndogo za kompyuta za mezani, za MB 100, zikiunganishwa nyingi zinaweza kushindana na diski kubwa ya IBM 3380 ya MB 7,500. Lakini walikiri tatizo kwa hesabu iliyo wazi: ikiwa diski moja inatarajiwa kudumu saa 30,000, basi ukiwa nazo 100, moja yao itakufa kila baada ya saa 300 hivi, chini ya wiki mbili. Kuongeza diski bila ulinzi ni kuongeza misiba. Ndipo wakapanga ngazi tano za kuzilinda. RAID 6, yenye ulinzi wa diski mbili, ilifuata baadaye. Hesabu ile ya saa 300 inanigusa sana, kwa sababu inamwambia mnunuzi ukweli: diski itakufa, na swali ni utakuwa umejiandaaje.

Kwa nini nikachagua RAID 6 wakati RAID 5, yenye ulinzi wa diski moja tu, ingenipa nafasi kubwa zaidi? Kwa diski zangu nne, RAID 5 ingenipa TB 24, na RAID 6 inanipa 16. TB 8 nzima nimeziacha, na sizijutii. Kujaza diski ya TB 8 kwa kasi ya MB 150 kwa sekunde, bila kazi nyingine yoyote, ni karibu saa 15. Ukiendelea kufanya kazi juu yake ni zaidi. Muda wote huo diski zilizobaki zinasomwa mwanzo hadi mwisho, na mara nyingi ni diski zilizonunuliwa siku moja na zimezeeka pamoja. Zaidi ya hapo, watengenezaji wa diski nyingi za kawaida huandika kwenye karatasi zao kwamba kosa moja la kusoma lisilorekebishika linaweza kutokea katika kila biti trilioni 100, yaani TB 12.5. Ukiwa na RAID 5, kuijenga diski iliyokufa kunadai kusoma TB 24 kutoka zile tatu zilizobaki, bila ulinzi wowote wa ziada. Nyingi hufika salama, lakini mimi siwezi kumwambia mtu kwamba harusi ya mamake ilitegemea bahati.

Kuna adui mwingine asiyelia wala kuwasha taa. Biti inaweza kugeuka kwenye diski iliyo hai, na faili ikaharibika kimyakimya. Kisanduku hiki kinatumia mfumo wa faili wa Btrfs, ambao huweka alama ya ukaguzi kwa kila kipande cha data. Kikisoma kipande kisicholingana na alama yake, hukirekebisha kutoka kwa pariti. Lakini angalia: chaguo hilo unaliweka unapounda folda, wakati folda bado ni tupu. Kisha panga kazi ya kupitia data yote kila baada ya miezi michache. Mimi huipangia usiku.

Stima nayo. Umeme ukikatika wakati data imeandikwa lakini pariti yake bado, vitu viwili hivyo havitalingana tena, na hutajua mpaka siku diski itakapokufa. Kwa hiyo UPS, betri ya akiba ya umeme, ni sehemu ya kifaa, si pambo. Niliiunganisha kwa waya wa USB, na sasa umeme ukipotea kisanduku kinapata habari, kinafunga kazi zake na kujilinda kabla betri haijaisha. Kiweke pia mbali na dirisha. Upepo wa bahari huja na chumvi na vumbi, na feni mbili za nyuma huvuta chochote kilicho hewani.

Kasi yake inanitosha kwa shida kidogo. Milango yake miwili ya mtandao ni ya gigabiti 1, kwa hiyo faili moja kubwa inakwenda kama MB 110 kwa sekunde. Kwa video za 4K za kamera moja au mbili ni sawa. Studio yenye wahariri watatu wanaokata kwa pamoja watafute kifaa chenye mlango wa kasi zaidi.

Na jambo ambalo nawasihi wenzangu wa kazi hii walishike: RAID si nakala ya akiba. Ukifuta faili, imefutwa kwenye diski zote kwa mpigo. Mwizi akibeba kisanduku, amebeba zote nne. Kirusi kinachofunga faili hakijali una pariti ngapi. Nimewasha picha za hali ya folda kila siku, ili nikifuta kitu nirudi nyuma, na kanda za watu huzinakili pia kwenye diski ya nje inayokaa Kisauni kwa dada yangu, ng'ambo ya daraja la Nyali. Wengi huniuliza kwa nini nisipakie zote mtandaoni, maana nyaya za intaneti za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zinatua hapa hapa Mombasa tangu 2009. Piga hesabu: TB 12 kwa laini inayopakia megabiti 20 kwa sekunde ni siku 55, usiku na mchana, bila kukatika. Kwa hiyo mtandaoni napeleka kanda tu, zile zisizo na mfano wake popote.

Ukienda kununua, usikubali kuuziwa diski yoyote tu. Muulize muuzaji kama ni CMR, inayoandika mistari ya data bila kuipandanisha, au SMR, na akikosa jibu tafuta namba ya modeli kwenye karatasi ya mtengenezaji kabla hujalipa. Diski za SMR huandika mistari ya data ikipandana, na zikipewa kazi ya kujazwa upya ndani ya RAID huenda polepole mno, wakati ule ule unaotaka zimalize haraka. Ukiweza, nunua mbili duka moja na mbili duka jingine, zisitoke kwenye shehena moja. Na kama kazi yako ni ya picha tu, haifiki TB 8, kisanduku cha nafasi mbili na RAID 1 kitakutosha kwa gharama ndogo zaidi. Fedha itakayobaki nunulia UPS.