Ngiri ya matundu na neti: nyota nne kati ya tano

Nimefanyiwa operesheni ya ngiri ya kinena (nyama za tumboni kupenya penye msuli dhaifu) hapa Dar, hospitali binafsi siitaji jina, ile ya matundu na kuwekewa neti, na kwa vile kila mtu ananiuliza inbox acha niandike hapa yaishe.

Kazi yenyewe safi. Matundu matatu, moja kitovuni, mengine madogo zaidi, wanakujaza gesi ili kamera ione vizuri halafu neti wanaitandaza kwa ndani, nyuma ya msuli. Daktari alinionyesha moja kabla, nyeupe, laini, ina vitobo, kama sentimita 10 kwa 15, plastiki ya polipropilini, nikaikunja kiganjani ikajikunjua yenyewe. Zamani walikuwa wanashona msuli kwa msuli, nyuzi zinakaza, ukibeba mzigo panaachia ngiri inarudi. Hii inaziba pale bila kuvuta na nyama inaota kupitia vile vitobo inaishika, kwa hiyo wanaouliza itatolewa lini, haitolewi, unaishi nayo.

Washkaji wananitania eti nimewekewa chandarua. Wacheke tu ila Uganda mashariki walifanya kweli, kitambaa cha chandarua kikasafishwa kuua vijidudu, wanaume 302, matokeo yakatoka 2016 na baada ya mwaka hakukuwa na tofauti ya maana na neti za bei mbaya (wale lakini walipasuliwa kwa kufunguliwa, yaani mkato mmoja kinenani, sio matundu).

Sasa ambalo hawasemi ni bega. Usiku ule bega la kulia liliuma kuliko tumbo, nikaanza kuwaza moyo, nesi akasema kaka hiyo ni gesi iliyobaki inasumbua huko juu, amka utembee, na kweli ikaisha taratibu. Korodani nazo zikapiga weusi, kinena kikavimba maji utadhani ngiri imerudi, kumbe kawaida, yanakauka yenyewe. Mngetuambia mapema jamani, mke wangu alishaanza kupiga simu kwa ndugu. Ukikohoa bana mto tumboni, papai kwa wingi usije ukajikamua chooni.

Nyota moja nimekata kwa makaratasi. Bei ya neti haikuwepo kwenye makadirio, nikaikuta kwenye bili siku ya kutoka, halafu pakiti yake inakuja na stika zenye jina la kampuni na namba ya toleo, moja ibandikwe kwenye karatasi yako, mimi yangu imeandikwa "neti" basi. Kesho kutwa ikileta shida daktari mwingine atajuaje ni ipi? Idai kabla hujalipa.

Kama una ngiri pande zote mbili au iliwahi kushonwa ikarudi, matundu yanalipa, maana wanapita palepale wanamaliza zote. Ila kwa kawaida unalazwa usingizi kabisa, hivyo mwenye shida ya moyo au mapafu, au upande mmoja tu na hela inabana, muulize daktari ile ya kufungua, neti wanaweka vilevile na inawezekana kwa ganzi tu.