Ukurutu wa mtoto mchanga: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Mwanangu alikuwa na miezi minne alipoanza kusugua shavu begani mwangu usiku kucha, mpaka leso ikawa na vitone vya damu. Nikanunua kila nilichoshauriwa, kila duka la dawa la Usita wa Mui, barabara kuu ya mji wa Lamu, nikaingia. Kabati likajaa, na vilivyomfaa havikuzidi vinne. Ndivyo ninavyovipanga hapa, mama mwenzangu, usije ukapitia nilikopita.

Kwanza hakikisha ni ukurutu, ambao hospitalini huitwa ekzima. Harara za joto ni vipele vidogo vidogo shingoni na kwenye mikunjo. Upele wa kuambukizana huwasha nyumba nzima usiku, si mtoto peke yake. Ukurutu wa mtoto mchanga hushika mashavu, kichwa, na upande wa nje wa mikono na miguu, ilhali ndani ya nepi kwa kawaida huwa salama. Kwa ngozi zetu nyeusi usingoje wekundu. Pitisha kidole: panakwaruza kama msasa, na pameiva weusi au kufifia kijivu. Ukiwa na shaka, au mtoto hajatimiza miezi mitatu, anzia kliniki.

Nambari moja: Vaseline ya kawaida, au jeli yoyote ya aina hiyo isiyo na manukato. Ngozi yenye ukurutu ni kama ukuta wa mawe uliobanduka chokaa: maji yanatoka, na kila kinachochoma kinaingia. Mafuta mazito ndiyo chokaa yenyewe. Usivutwe na kopo lenye picha ya mtoto, maana mengi ya hayo yametiwa harufu, na harufu ndiyo inayowasha. Soma nyuma ya kopo. Ukiona neno perfume au parfum, rudisha.

Kosa letu wengi ni kupaka kwa kubania. Mpake angalau mara mbili kwa siku, mwili mzima na si penye mabaka tu. Akitoka kuoga mpanguse kwa kugusagusa, usimsugue, kisha mpake ndani ya dakika tatu hivi, ngozi ingali na unyevu. Chota kwa kijiko safi, kwani vidole huingiza vijidudu koponi. Kopo la gramu 250 likikukalia miezi mitatu, hujampaka. Hivyo nunua kopo kubwa. Hapo ndipo pesa zinapofanya kazi.

Lina taabu zake. Joto la kaskazi linapopamba moto, mafuta mazito huziba jasho na harara zikaongezeka, kwa hiyo mchana mpake membamba na usiku ndio umjazie. Na tafadhali sana: nguo na shuka zilizokunywa mafuta haya hushika moto haraka. Chetezo, jiko la mkaa na dawa ya mbu ya kuwasha vikae mbali naye. Hata moshi wa udi wenyewe humchokoza, basi chumba chake kisifukizwe kwa sasa.

Nambari mbili: emulsifying ointment. Mtajie muuza dawa jina hilo hilo. Ni mafuta meupe mazito, na uzuri wake ni kwamba hukaa badala ya sabuni: koroga kijiko katika maji ya uvuguvugu umwogeshee, dakika tano hadi kumi zatosha. Mshike vizuri, huteleza kama samaki. Usiyaache mwilini kama Vaseline, wala aqueous cream usiiache. Zote mbili mara nyingi zina sodium lauryl sulphate, kiungo cha sabuni ambacho huweza kuichoma ngozi kikiachwa juu yake.

Nambari tatu: mafuta ya nazi. Bibi yangu hayakubali kuwa ya tatu, na ana hoja. Utafiti wa Ufilipino uliochapishwa 2014 ulipima mafuta ya nazi safi kwa watoto wenye ukurutu, yakayashinda mafuta mepesi ya madini. Mimi nayaweka hapa kwa sababu ni mepesi, na ya kupikwa nyumbani hutofautiana mpishi na mpishi. Nunua yasiyotiwa asumini wala marashi, na yanuse: yaliyochacha usimpake. Zaituni ina heshima yake kwetu, lakini ngozi hii huidhoofisha zaidi, iache jikoni.

Nambari nne: pamba. Leso kuukuu ni bora kuliko mpya, ambayo ina wanga unaokwaruza. Ukinunua mpya, iloweke na uifue mara kadhaa kwanza. Ongeza mkasi wa kucha na soksi za kumvika mikononi usiku.

Haidrokotisoni ya asilimia 1, yaani dawa ya kupaka ya steroidi inayotuliza uvimbe na mwasho, sikuipa nambari, kwani si ya kununua kwa kukisia. Daktari akiiandika, usiiogope: tabaka jembamba, penye mabaka tu, kwa siku alizosema. Ninayoiogopa ni tyubu ya dawa kadhaa zilizochanganywa pamoja. Niliuzwa moja dukani pasi na kuulizwa hata umri wa mtoto. Siku mbili shavu likang'aa, nikashukuru; nilipoacha, likarudi vibaya zaidi. Kliniki wakanionyesha jina kwenye tyubu: betamethasoni. Hiyo na klobetasoli nazo ni steroidi, ila ni kali mno kwa uso wa mtoto mchanga.

Sabuni ya kuua vijidudu, poda, liwa yenye marashi, maji ya mwarobaini: viache. Mafuta ya mwarobaini asinyweshwe kabisa, ni sumu kwake. Piriton, dawa ya mzio, usimpe bila daktari. Humlaza tu, haiutibu ukurutu. Nawe unayenyonyesha, usiache samaki wala mayai kwa maneno ya jirani. Kama kisima chenu kina chumvi, maji ya mwisho ya kumsuuza yawe ya mvua ukiyapata.

Hivi vyote ni vya ngozi kavu inayowasha. Magamba ya manjano, majimaji, homa, au malengelenge madogo yaliyojikusanya pamoja ni ya kukimbilia hospitali ya King Fahd mjini Lamu siku hiyo hiyo, hata kama uko kijijini Shela, ni usiku na mashua ni ya kutafuta.