Pexpect: uzoefu wangu wa kuendesha programu za terminali kwa Python

Nikitaka msimbo uendeshe programu inayouliza maswali, naanza na Pexpect, maktaba ya Python, kwa sababu inaipa programu hiyo terminali bandia badala ya paipu (njia ya kawaida ya kupitisha data kati ya programu). Programu nyingi za C zikikuta paipu hulimbikiza matokeo mpaka bafa (hifadhi ya muda) ijae, ukabaki unasubiri swali lililokwama upande wa pili. Zikikuta terminali, hutoa mstari baada ya mstari. Nayo ssh, programu ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, husoma nenosiri kutoka /dev/tty, yaani terminali yenyewe, hivyo kulipitisha kwenye stdin (ingizo la kawaida) hakusaidii.

Mwanzo ni mwepesi: spawn() ya kuanzisha programu, yenye encoding='utf-8' (bila hiyo unapata baiti), expect() ya kusubiri matokeo yanayolingana na ruwaza, kisha sendline() ya kutuma mstari. Kazi ipo kwenye tabia za terminali yenyewe. Mistari huishia na \r\n hata kwenye Linux, kwa hiyo ruwaza 'Sawa\n' haitapata kitu.

Kinachosumbua kuliko vyote ni mwangwi, yaani terminali kukurudishia kila unachotuma. Tuma "echo tayari" kwa bash kisha subiri 'tayari': expect() inarudi papo hapo, imekamata herufi zako mwenyewe kabla amri haijatekelezwa. Kuweka echo=False kwenye spawn() kunatosha kwa programu kama cat na bash, lakini zipo programu, kama zsh, zinazochapa mwangwi wake zenyewe. Dawa ninayoiamini ni kutuma echo ta""yari. Mwangwi unabaki na alama za nukuu, matokeo hayana, na ruwaza inakamata matokeo peke yake. Kwa nenosiri, ita waitnoecho() kwanza ili usitume kabla programu haijazima mwangwi.

Muda wa kusubiri ni sekunde 30 usipoubadilisha; kwa kazi ndefu weka timeout=600, na uiweke pexpect.EOF (ishara kwamba matokeo yameisha) kwenye orodha ya ruwaza, la sivyo programu ikijifunga utapata hitilafu badala ya jibu. Skrini ni mistari 24 kwa safu 80, na zipo programu zinazokata majedwali kwa upana huo: dimensions=(24, 200) inatibu.

spawn() haielewi | wala >, ziendeshe kwa /bin/bash -c. Unapotafuta kosa, logfile_read = sys.stdout huonyesha kila kinachofika. exitstatus, namba inayoonyesha programu iliishaje, isome baada ya close().

Kwenye Windows siipendekezi: spawn() haipo, na mbadala wake, PopenSpawn, inakurudisha kwenye paipu zilezile.